Mashine iko ndani ya mlima, inasikiaje kilichotokea angani?

Swali limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa Bukoba, nalifupisha: amesoma kwamba huko Ufaransa kuna kipima sumaku kimewekwa ndani ya mlima na kimenasa matetemeko ya Asia kupitia anga la juu. Haelewi mambo mawili. Kama jambo linatokea angani, kwanini ulitafute chini ya mwamba? Na la pili, wao waliopigwa na tetemeko la 2016, kifaa kama hicho kingewaambia mapema?

Mwalimu, la pili nakujibu sasa hivi alafu nitalirudia baadaye: hapana, kisingewaambia. Ila usiondoke, kwasababu kile kinachofanyika kule ni kizuri kuliko habari za utabiri zinazozunguka kwenye simu zetu.

Tuanze na tarehe 26 Januari 2001. Saa kumi na mbili na robo asubuhi kwa saa za huku kwetu, mwamba ulikatika chini ya Gujarat, upande wa Kutch, karibu na mji wa Bhuj. Kutch ndo asili ya familia nyingi sana za Wahindi wa Mombasa, Zanzibar na Dar, kwahiyo siku ile kuna nyumba za huku pwani zilikaa matanga. Tetemeko lilikuwa la 7.7 na waliokufa ni kama watu 20,000. Sasa kilomita 6,200 hivi kutoka hapo, kusini mwa Ufaransa kwenye kijiji kinaitwa Rustrel, kulikuwa na sismomita, yani mashine ya kupima mtikisiko wa ardhi, na kipima sumaku vimekaa jirani ndani ya mlima, na vyote viwili viliandika kitu. Kazi hiyo ilichapishwa 2003.

Mahali penyewe pana historia. Pale Plateau d'Albion Ufaransa iliweka makombora yake ya nyuklia ya ardhini toka 1971 mpaka 1996, mashimo 18, na chumba kimoja cha kurushia kilichimbwa Rustrel chini ya kama mita 500 za mwamba wa chokaa. Chumba ni kama pipa kubwa la chuma lililolala, urefu mita 28, unene wa bati lake sentimita 1, limening'inizwa juu ya vizuia mtikisiko ili bomu likipiga juu wanajeshi wa ndani waendelee kufanya kazi, na lile bati lilikuwa la kuzuia mshindo wa umeme wa nyuklia usichome mitambo. Makombora yalipoondolewa wanasayansi wakapaomba, wakapaita maabara ya chini ya ardhi yenye kelele ndogo, kwa kifupi LSBB. Mwanafizikia Georges Waysand na wenzake wakaingiza humo kipima sumaku kinachoitwa SQUID.

SQUID ni nini? Ni kipete kidogo cha niobiamu chenye viungo viwili dhaifu, unakipooza kwa heliamu ya kimiminika mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri. Hapo niobiamu inakuwa superkondakta, umeme unapita bila upinzani wowote, na sumaku inayopita katikati ya kipete inakubali kuhesabiwa kwa punje punje, kila punje ina kipimo kilekile cha asili. Sumaku ikibadilika hata sehemu ndogo ya punje moja, volteji ya kwenye viungo inabadilika na unaisoma. Kuna jambo moja watu hulisahau, kwamba SQUID haikwambii sumaku ya hapa ni kiasi gani, inakwambia imebadilika kiasi gani. Na ndani ya lile pipa, kwa mawimbi ya kuanzia kama hezi 40, yani mapigo 40 kwa sekunde, kwenda juu, kelele iko chini ya femtotesla 2. Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Nanotesla moja ina femtotesla milioni. Sumaku ya dunia pale Ufaransa ni kama nanotesla 46,000, kwetu huku karibu na ikweta ni elfu 30 na kitu, sasa jipigie mwenyewe.

Sasa twende angani, maana hapa ndo penye utamu. Tetemeko kubwa linapotokea, mawimbi yanasambaa kwenye uso wa dunia, yale makubwa yanaitwa mawimbi ya Rayleigh, yanakwenda kilomita 3 na nusu hivi kwa sekunde na yakipita ardhi inapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Wewe huhisi kitu, kwa mtu wa Ufaransa ardhi imepanda labda milimita tu. Lakini ardhi ikipanda inasukuma hewa iliyo juu yake, na kwakuwa eneo linalopanda ni kubwa mno, kinachotoka ni sauti nzito kabisa inayokwenda wima kuelekea juu, sauti ambayo pigo lake moja linachukua makumi ya sekunde au hata dakika, sikio haliwezi kuisikia. Sauti nyembamba zinafia njiani, hewa inazimeza, hii nzito inafika.

Na inavyopanda inakua. Kwanini inakua, nishati si ileile? Ndo, nishati ni ileile ila hewa inapungua. Kilomita 100 juu, uzito wa hewa kwa ujazo uleule haufiki hata sehemu moja ya milioni ya huku chini, kwahiyo nishati ileile sasa inasukuma vitu vyepesi sana, lazima viende mbali zaidi. Ni kama mjeledi, mkono unasogea kidogo pale kwenye shina nene alafu ncha nyembamba inaruka mpaka inalia. Milimita moja ya ardhini inaweza kuwa zaidi ya mita moja kwenye kilomita 100, na makumi ya mita ukipanda juu zaidi. Mie nimeifanya hesabu hii mara nyingi na bado inanishangaza kila nikiirudia.

Kule juu kuanzia kilomita 80 au 90 ndo ayonosfia inaanza, jua limezipasua chembe za hewa zimebaki ayoni na elektroni zinaelea. Upepo wa ile sauti unazisukuma. Sasa wewe mwalimu wa fizikia unajua kinachotokea ukisukuma chembe zenye chaji ndani ya uga wa sumaku, ni dinamo ile ile ya baiskeli: unapata mkondo wa umeme. Kwenye kilomita 100 hadi 120 ndo mikondo hiyo inapita vizuri, na kila mkondo una sumaku yake, na sumaku hiyo inashuka mpaka chini kwa mwendo wa mwanga. Kwahiyo safari ya kwenda juu ni dakika nyingi, ya kurudi haihesabiki.

Hapo sasa tunafika kwenye swali lako la kwanza. Sumaku inayobadilika polepole haizuiliwi na mwamba. Chukua chokaa ya kawaida na wimbi la sekunde 100, kabla halijapungua vya kutosha lingehitaji kupita zaidi ya kilomita 100 za mwamba, mita 500 kwake ni kama pazia la chandarua. Hata umeme wa nyumbani wa hezi 50 mwamba ule haufui dafu kuuzuia, unaozuiwa unazuiwa na lile bati la chuma. Kwahiyo ayonosfia inasikika kule chini karibu sawa na juu, ila kinachobaki juu ni kelele: upepo unaotikisa miti na mizizi ikatikisa udongo, gari ikipita, treni, pampu ya maji, jua la mchana na baridi ya usiku vinavyopanua na kukunja vyuma vya mtambo. Mashine haikupelekwa chini ili iikaribie mbingu, imepelekwa chini ili iikimbie dunia ya watu. Ukitaka kumsikia mtu anayenong'ona huongezi sikio, unafunga mlango.

Na kelele mbaya kuliko zote sio ya umeme, ni mtikisiko. Fikiria hivi. Kipima sumaku kimekaa ndani ya uga wa nanotesla 46,000. Kikiinama sehemu moja tu ya milioni ya radiani, yani pembe ambayo huwezi kuiona kwa jicho wala kuipima kwa kifaa cha shuleni, mhimili wake unapoteza au unapata karibu nanotesla 0.05, hiyo ni femtotesla 50,000. Sumaku haijabadilika hata chembe, mashine ndo imeinama! Ndani ya pipa uga umepungua kiasi, lakini tatizo lipo palepale. Sasa unataka kupima tetemeko, na tetemeko ndo linalotikisa mashine. Unaona mtego huo?

Tena kuna mtuhumiwa wa tatu. Mlima wa chokaa umejaa nyufa na maji, mawimbi ya tetemeko yakipita yanayabana na kuyaachia maji hayo, na maji yanayopita kwenye vitundu vya mwamba yanabeba chaji, yanazaa umeme na sumaku yake. Kwahiyo ukiona mstari wa sumaku umecheza siku ya tetemeko, jibu linaweza kuwa mashine imetikisika, au maji ya mlima yamesukumwa, au kweli ni mbingu. Ile ya Bhuj ndo maana mie siisemi kirahisi kwamba ilikuja kupitia angani, mawimbi yalipita palepale kwenye mlima na maji yalikuwepo. Miaka ya baadaye, kwa tetemeko la Wenchuan la China, tarehe 12 Mei 2008, la 7.9, timu ile ya Rustrel iliandika wazi kuhusu ayonosfia.

Mtu anatofautishaje? Kwa saa. Hakuna shahidi mwingine mzuri kama saa. Mashine ikitikiswa au maji yakisukumwa, sumaku na sismomita vitacheza kwa pamoja, sekunde kwa sekunde. Lakini kama ni mbingu, lazima kuwe na pengo: wimbi lipite chini yako kwanza, alafu sauti ipande dakika 5 au 6 kufika kilomita 100, au 8 mpaka 10 kama unaangalia tabaka za juu zaidi, ndo sumaku icheze. Kwa Bhuj mawimbi ya kwanza ya ndani ya dunia yalihitaji karibu dakika 10 kufika Ufaransa, yale ya Rayleigh karibu nusu saa, kwahiyo cha angani juu ya Rustrel chenyewe utakitafuta baada ya hapo, sio kabla. Ndo maana sismomita inakaa pembeni ya SQUID kama mke na mume, moja bila nyingine mie siiamini.

Mfano mzuri kuliko wote wa saa hii sio hata wa chini ya ardhi. Sumatra, 26 Desemba 2004, saa kumi kasoro alfajiri kwa saa zetu. Huko Phimai, Thailand, Wajapani walikuwa na kipima sumaku cha kawaida, hakina heliamu wala nini, na kama dakika 12 baada ya tetemeko sumaku ikaanza kupumua, pigo moja kila dakika 3 na nusu na kidogo. Pigo hilo sio la kubahatisha. Hewa iliyo kati ya ardhi na tabaka za juu ni kama chupa, ukipuliza mdomo wa chupa inatoa noti yake, na hewa ya dunia ina noti zake mbili maarufu, moja ya sekunde 270 na nyingine ya sekunde kama 227. Dakika 3 na nusu na kidogo iko jirani kabisa na hiyo ya 227. Saa imekubali, noti imekubali, na kilichotikisika kiko mbali na mashine. Ukiniuliza ushahidi gani ulinishawishi mie binafsi kwamba jambo hili lipo, ni huo.

Tena usidhani ni jambo jipya. Tetemeko la Alaska la Machi 1964, la 9.2, ndo lilifumbua watu macho, redio zilizokuwa zinapima ayonosfia zikaona imeyumba. Japani Machi 2011 walikuwa na vituo vya GPS zaidi ya 1,200, wakaona duara zinatanuka angani juu ya kitovu kama umetupa jiwe ziwani. GPS inaona kwasababu mawimbi ya setilaiti yanachelewa kidogo yakipita kwenye elektroni nyingi, zikitikisika na uchelewaji unatikisika.

Sasa turudi Bukoba, 10 Septemba 2016. Lile lilikuwa 5.9. Najua lilibomoa nyumba na kuua watu na kwenu sio dogo, lakini kwa nishati Bhuj ilikuwa kama mara 500 yake. Kwa kawaida tetemeko linaanza kuonekana vizuri kwenye ayonosfia likifika kama 6.5 kwenda juu, kwahiyo la kwenu lisingeonekana. Lile la Ziwa Tanganyika la Desemba 2005, la 6.8, hilo liko mpakani. Na hata lingekuwa 9, umeona mwenyewe mlolongo ulivyo: ardhi kwanza, hewa, mbingu, ndo sumaku. Dakika zile za kusubiri ziko upande wa baada. Nyumba itakuwa imeshaanguka.

Je, zile habari za dalili za kabla? Zipo na zina asili yake, sio uzushi mtupu. Oktoba 1989, California, kabla ya tetemeko la Loma Prieta, Antony Fraser-Smith wa Stanford alikuwa na kipima sumaku Corralitos, kilomita 7 tu kutoka kitovu, na kelele ya sumaku ilipanda kwa karibu wiki 2 na masaa 3 kabla ikapanda sana. Dunia nzima ya fani yetu ilisisimka, nawaelewa kabisa. Lakini 2009 watu wakairudia ile data wakailinganisha na vituo vingine, wakaona uwezekano mkubwa ni kwamba mtambo wenyewe ulikuwa na hitilafu. Na kule Parkfield, California hiyohiyo, walikuwa wamezungushia vifaa kila kona wakisubiri, tetemeko la 6.0 likaja Septemba 2004, na sumaku haikuonyesha dalili yoyote ya kabla. Ufaransa ilirusha setilaiti nzima, DEMETER, ikazunguka 2004 mpaka 2010 ikitafuta dalili hizi, China nao wakarusha ya kwao Februari 2018. Mie naunga mkono watafute. Ila mpaka leo hakuna anayeweza kukwambia tarehe na mahali, na anayekutumia ujumbe kwamba jumatano kutakuwa na tetemeko kwasababu sumaku imepanda, nakuomba kabisa usimsambazie mzazi hata mmoja.

Sumaku inapanda kwa mambo mengi. Jua likipiga dhoruba, kama ile ya tarehe 10 na 11 Mei 2024, sumaku inayumba dunia nzima kwa mamia ya nanotesla, wakati tetemeko linaleta nanotesla moja au chini yake. Na dunia ina matetemeko kila siku, kwahiyo dhoruba yoyote utaipatia tetemeko lake ukitaka. Sisi huku tuna shida ya ziada, karibu na ikweta ya sumaku, ile inayopita Ethiopia, mchana kuna mto wa umeme angani unaobadilisha sumaku hata kwa zaidi ya nanotesla 100, na Bonde la Kongo ni moja ya sehemu tatu kubwa za radi duniani, radi ambazo mlio wake wa karibu hezi 8 unazunguka dunia nzima bila kupumzika na vifaa kama SQUID vinausikia. Yani kwa kelele za angani tumejaliwa.

Basi faida yake nini kama haitabiri? Faida kubwa ni bahari. Rudi 2004 tena. Tetemeko alfajiri, tsunami ikafika pwani yetu mchana, masaa kama 8 yamepita, Kenya waliwahi kuondoa watu ufukweni na bado mtu alikufa, na Tanzania watu walikufa pia. Masaa 8 ni mengi sana kama una mtu wa kukuhakikishia kwamba wimbi lipo na linakuja. Na tsunami nayo inasukuma hewa, baharini kina kirefu imepanda sentimita tu, meli haihisi, lakini kule juu ayonosfia inaihisi. NASA wana mfumo unaitwa GUARDIAN unaosoma GPS papo kwa papo kutafuta alama hizo, na Julai 2025, tetemeko la 8.8 la Kamchatka, ulionyesha alama za tsunami ikiwa bado iko baharini. Malindi kuna kituo cha GPS cha mtandao wa kimataifa, Mbarara pale Uganda kingine, sio mbali sana na nyie. Ukikumbuka kwamba pwani ya Makran, kati ya Iran na Pakistan, ilitoa tetemeko la 8.1 na tsunami mwaka 1945, na kwamba Oman na sisi wote tunaitazama bahari hiyohiyo, utaona kwanini mie natamani vituo hivyo viwe vingi na data zake zisomwe na vijana wetu wenyewe.

Kwa darasani nakupa kitu kimoja. Simu nyingi za kisasa zina kipima sumaku ndani, pakua programu ya phyphox, ni bure, iweke simu mezani mbali na vyuma. Itakuonyesha kama maikrotesla 30 na kitu, yani zile nanotesla elfu 30 na kitu, imegawanyika kwenye mihimili mitatu. Kwa ayonosfia haifai, haihisi mabadiliko madogo kiasi hicho, lakini kwa ule mtego wa Rustrel inafaa kabisa. Waambie watoto waandike namba za mihimili yote mitatu, alafu chomeka daftari jembamba chini ya upande mmoja wa simu, waandike tena. Namba zitakuwa zimehama. Sasa waulize, ni sumaku ya dunia imebadilika au ni simu imeinama, na waache wabishane wenyewe ni kifaa gani kingine wangekiweka pembeni ili kujua.